Neno Alilopewa Bibi

Kila alasiri, Kamusi aliporudi kutoka shuleni, alivua viatu mlangoni na kupitia kwanza chumba cha mbele kumwamkia bibi yake. Humo ndimo Bibi alimofanyia kazi yake ya ushonaji. Cherehani ya kukanyaga ilikuwa karibu na dirisha, meza ya kukatia vitambaa ilikuwa katikati, na ukutani zilining'inia sare za watoto wa shule tatu tofauti, kila moja na kikaratasi chenye vipimo vya mwenyewe. Bibi aliitikia "marahaba" kwa sauti ya puani, kwa sababu midomoni alikuwa amebana pini nne au tano. Kamusi alikwenda jikoni kunywa chai, kisha akarudi kuketi kwenye kigoda na kuanza kutoa bandi, zile nyuzi za mshono wa muda ambazo Bibi hushikizia kitambaa kwa mkono kabla ya kukipitisha kwenye cherehani.

Kamusi halikuwa jina lake. Wenzake wa darasa la sita ndio waliombandika, na yeye alilipenda kuliko lile la kuzaliwa. Aliokota maneno makubwa popote alipoyakuta, akayatumia hapo hapo kabla hajayajua vizuri. Wiki aliyojifunza neno "dhahania" alimwambia muuza mkate wa mtaani kwamba mkate wake ni wa dhahania, na yule bwana akaapa mbele ya wateja kwamba ameuoka asubuhi ile ile.

Bibi yeye hakuwa na maneno makubwa. Aliishia darasa la nne. Alichokuwa nacho ni mikono, na taratibu zake ambazo hazikubadilika tangu mama yake Kamusi akiwa mtoto wa kubebwa. Alipima kila kitu mara mbili. Aliacha pindo pana kwenye kila sketi, ili mtoto akirefuka ifumuliwe na kushushwa. Mjomba alipomletea cherehani ya umeme kama zawadi, Bibi alimshukuru sana, akaifunika kwa kitambaa safi na kuweka redio juu yake. Na kama zilivyokuwa nguo, ndivyo zilivyokuwa sheria za nyumba: jua likizama, msichana yuko ndani, mgeni akiingia, unasimama, na mtoto wa kike halali nje ya kwao, hata kwa nani. Mama yake Kamusi alikuwa muuguzi katika mji mwingine, akija nyumbani kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo neno la mwisho la nyumba ile lilikuwa la Bibi.

Sheria ile ya kutolala nje ndiyo iliyoleta balaa. Shule ilichagua wanafunzi wanne kwenda kwenye mashindano ya mdahalo katika mji wa mbali, siku mbili, wakilala katika bweni la shule mwenyeji pamoja na walimu wao. Kamusi alikuwa wa kwanza kuchaguliwa. Alikuja nyumbani akikimbia, barua ya ruhusa mkononi. Bibi aliisoma polepole, akiifuata mistari kwa kidole, akaikunja na kumrudishia.

"Mdahalo ni kitu kizuri," alisema. "Kulala huko ndiko nisikokutaka."

Kamusi alieleza habari za walimu, akaeleza habari za bweni lenye mlinzi, akataja wasichana wengine wawili ambao wazazi wao walikubali bila neno. Bibi aliendelea kukanyaga cherehani. Hakugomba wala hakueleza sababu, na hilo ndilo lililomuuma Kamusi zaidi. Alinuna siku tatu. Alitoa bandi akizivuta nyuzi kana kwamba zimemkosea.

Siku ya nne, mwalimu wa Kiswahili aliandika ubaoni maneno matatu yaliyofuatana: uhafidhina, mhafidhina, kihafidhina. Alieleza kwamba mhafidhina ni mtu anayeshikilia mambo yalivyokuwa tangu zamani na asiyependa yabadilishwe. Fikra zake huitwa fikra za kihafidhina. Kila mwanafunzi aliambiwa atunge sentensi moja. Wengine waliandika kuhusu wafalme na vyama vya siasa. Kamusi hakwenda mbali hivyo. Aliandika kwa mwandiko mkubwa, akikandamiza kalamu mpaka ukurasa wa nyuma ukatokeza alama: "Bibi yangu ni mhafidhina." Mwalimu alimtilia alama ya vema, maana sentensi haikuwa na kosa la sarufi.

Jioni ile Kamusi alifanya kazi zake za shule kwenye ncha ya meza ya kukatia. Bibi alikuwa akitafuta chaki yake, na alipolisogeza daftari ili aangalie chini yake, aliona neno "Bibi" likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine. Akavaa miwani, akasoma.

"Mimi ni nani hapa? Mhafi... mhafidhina. Ndiyo nini hiyo?"

Kamusi alikuwa ameiandika sentensi ile kwa hasira, na kwa siku nzima alitamani Bibi aione. Sasa Bibi ameiona, na hasira yote ilikimbia ikamwacha peke yake. Alianza kusema kwamba ni neno la darasani tu, kwamba mwalimu ndiye aliyelitoa. Lakini Bibi alikuwa amekwisha kaa, daftari mapajani, akilitafuna lile neno taratibu kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Hafidhi. Hifadhi," alisema. "Mhafidhina ni mtu mwenye kuhifadhi. Anayetunza vitu visipotee. Au nimekosea?"

Hapo ndipo ulipokuwa mlango. Kamusi angeweza kusema, "Umekosea kidogo, Bibi," na mambo yangeishia kwenye aibu ya dakika tano. Aliutazama uso wa Bibi, uliokuwa na furaha ya mtoto aliyepata jibu la hesabu ngumu.

"Hujakosea, Bibi," alisema. "Ndivyo hivyo."

Bibi alilifunga daftari taratibu. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa khanga yake, kisha akasema kwamba miaka arobaini ameshona, na watu wamemwita fundi, mama wa sare, bibi wa cherehani, na mmoja aliyechelewa kupata suruali yake alimwita jina ambalo si la kurudiwa mbele ya mtoto. Lakini hakuna aliyewahi kukaa akamfikiria, akamtafutia neno lake. Halafu akauliza ile barua ya ruhusa iko wapi.

Kamusi aliitoa ndani ya begi. Bibi alitia sahihi yake ile ya darasa la nne, herufi moja moja, kila moja imesimama wima.

"Nilidhani wewe ni mtoto wa kukimbilia mambo tu," alisema. "Kumbe unaona. Mtoto anayeona namna hii atajiangalia hata akiwa mbali. Nenda. Nimekubali."

Kamusi alisema asante. Alijua wazi kwamba amempaka Bibi mafuta kwa mgongo wa chupa, na kwamba mafuta yenyewe hakuyamwaga kwa makusudi, lakini alipoyaona yanamwagika hakuyazuia. Usiku ule alilala upesi kwa furaha ya safari. Majuto yalimngoja asubuhi.

Yalianza na mteja wa kwanza, mama aliyefuata sketi za wanawe. Bibi alimkabidhi sketi zake, akamwambia kwamba mjukuu wake amemwita mhafidhina, yaani mwenye kuhifadhi, na kwamba neno hilo limo katika daftari la shule, na mwalimu amelitilia vema. Yule mama alitikisa kichwa kwa heshima. Mchana aliambiwa muuza mkate. Jioni aliambiwa mjomba kwenye simu, na mjomba, ambaye alikuwa akisikiliza mpira, alisema "hongera sana Mama" bila kujua anapongeza nini. Kila Bibi aliposimulia, Kamusi alijitia hamnazo, akainamia bandi zake.

Darasani alijaribu kutafuta upenyo. Aliinua mkono akamuuliza mwalimu kama mhafidhina hawezi pia kuwa na maana ya mtu mwenye kuhifadhi, anayetunza vitu vizuri. Mwalimu alilifurahia swali. Alisema kwamba maneno hayo mawili ni ndugu kweli, yana asili moja, na mtu anayelifikiria neno hivyo ana akili ya lugha. "Lakini," akaongeza, "neno huishi katika matumizi. Watu wakilisema, wanakusudia mtu aliyeng'ang'ania ya zamani. Mara nyingine ni maelezo tu, mara nyingine ni lawama. Ukitaka kujua ni lipi, msikilize msemaji na moyo wake." Kamusi alikaa chini. Hakuwa na haja ya kumtafuta msemaji mbali.

Aliazimia kumwambia Bibi siku ile ile. Akafika nyumbani akakuta wateja. Akaazimia siku iliyofuata, akamkuta Bibi anaumwa mgongo. Siku ya tatu hakukuwa na wateja na mgongo ulikuwa mzima, ila Bibi mwenyewe hakuwapo; alikuwa nje barabarani, ameshika kiuno, akimwelekeza mchora mabango. Ubao wa zamani uliosema USHONAJI WA SARE NA NGUO ZA AINA ZOTE ulikuwa umepakwa rangi mpya, na juu yake, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, mchoraji alikuwa anamalizia: FUNDI MHAFIDHINA. Hakuuliza maana. Yeye kazi yake ilikuwa kuhakikisha neno linaenea kwenye ubao.

"Soma," Bibi alimwambia mjukuu wake.

Kamusi alisoma. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Wataalamu wa maneno mnasoma kwa aibu siku hizi," Bibi alisema, akicheka, na mchora mabango naye akacheka. Kamusi alitaka ardhi ipasuke immeze na begi lake.

Ubao ulikaa siku nne. Siku ya tano, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya safari, aliingia dada mmoja aliyefanya kazi benki, amevaa kitambulisho shingoni na kubeba kitambaa cha bluu kwenye mfuko. Alimwamkia Bibi kwa adabu. Alisema ameelekezwa hapa na mwenzake ofisini, kwamba hakuna anayeshona vizuri kama Bibi, lakini alipofika nje karibu ageuze njia.

"Nimeona bango lako nikasita," alisema. "Mimi nataka gauni la mtindo wa sasa. Sikujua kama utakubali kunishonea."

Bibi aliweka mkasi chini. Aliuliza bango lina nini.

"Si umeandika fundi mhafidhina? Nikajua humu ni mitindo ya zamani tu, wewe mwenyewe hutaki mambo mapya." Yule dada alitabasamu, akidhani wanataniana. "Ni watu wachache wanaolitangaza hadharani."

"Mhafidhina si mwenye kuhifadhi?"

Tabasamu la yule dada lilianza kupungua. Aligundua kwamba amekanyaga mahali pabaya, akajaribu kurudi nyuma kwa upole. Alisema wakati mwingine maneno hufanana, alisema hata yeye mwenyewe hakuwa hodari wa Kiswahili shuleni, lakini kwa kawaida mhafidhina ni mtu aliyeganda kwenye ya kale. Kisha akauliza ni nani aliyemwandikia Bibi neno lile.

Kamusi alikuwa kwenye kigoda chake, hatua tatu kutoka hapo, na sketi ya mtu mapajani. Bibi hakugeuka haraka. Alimtazama mjukuu wake kwa muda wa kuvuta pumzi moja tu. Katika muda huo Kamusi alifumbua mdomo, na mdomo ukakataa kazi.

"Nilijiandikia mwenyewe," Bibi alimjibu mteja. "Mtu wa darasa la nne akipenda maneno, mambo ndiyo hayo. Simama hapa mwanangu nikupime."

Alimpima, mara mbili kama kawaida yake, akaandika vipimo kwenye kikaratasi. Alimwambia gauni litakuwa tayari baada ya wiki, la mtindo wowote anaotaka. Mteja alipotoka, Bibi alitoka nyuma yake. Kamusi alisikia kiti kinaburutwa kwenye sakafu ya kibaraza, kisha misumari ikilalamika. Bibi alirudi na ubao kwapani, akauegemeza ukutani, uso wa maandishi ukitazama ukuta.

Kamusi alilia. Alisema kila kitu, kuanzia hasira ya safari mpaka sentensi ya darasani, mpaka ile "hujakosea, Bibi" aliyoitamka akijua kwamba si kweli. Alisema alitaka kueleza lakini kila siku ilipata sababu yake. Mwisho alisema hatakwenda kwenye mashindano, na barua ataichana.

Bibi alimwacha amalize. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa na ukali, na Kamusi angependa mara mia iwe nao.

"Hilo neno lenyewe halikunikosea," alisema. "Mimi kweli ni mtu wa zamani. Nilipofika darasa la nne, shule ya madarasa ya juu ilikuwa mbali, ilibidi kulala huko. Baba yangu alisema mtoto wa kike halali nje. Basi, nikabaki. Ulipoleta barua yako, nilikataa kama alivyokataa yeye, na sikujiuliza kwa nini. Ungeniambia usoni, 'Bibi, huo ni uhafidhina, unaniumiza,' ningekasirika siku mbili, pengine tatu. Halafu ningefikiri. Nina kichwa cha kufikiri, hata kama wewe hukukiona."

Hilo la kichwa lilimchoma Kamusi kuliko mengine yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Wakati wote aliokuwa akinuna hakuwahi hata mara moja kumhesabu Bibi kuwa mtu anayeweza kubadilika.

"Na safari utakwenda," Bibi aliendelea. "Nilisema nimekubali. Mimi nikishasema, nimesema. Siwezi kugeuza kwa sababu leo nimeumia. Nao huo ni uhafidhina, nadhani. Utamuuliza mwalimu wako."

Siku mbili zilizofuata nyumba ilikuwa na utulivu wa ajabu. Bibi alimpa chai yake, alimuuliza kama soksi zimekauka, alimwekea sabuni na taulo kwenye begi. Hakumnyima kitu. Lakini muuza mkate alipopita akauliza ubao umekwenda wapi, Bibi alijibu kwamba rangi haikuwa nzuri, akabadilisha mazungumzo. Wateja waliokuja hawakusimuliwa tena habari za daftari la mjukuu. Kamusi aliyekuwa akiona haya kila hadithi ile iliposimuliwa, sasa alitamani kuisikia, na haikuja.

Alimweleza mwalimu wake, kwa kuwa Bibi alisema amuulize. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alisema kutimiza ahadi kunaweza kuwa uhafidhina, ule unaotunza jambo jema, na kwamba bibi yake alilielewa neno lile kuliko darasa zima. Kisha akamwonya kwamba kuomba radhi mara moja hakutoshi kwa mtu uliyemwacha ajitangaze mbele ya mtaa kwa uongo wako; itabidi awe mkweli muda mrefu, katika mambo madogo, mpaka Bibi amwamini bila kujilazimisha. Kamusi aliuliza muda mrefu ni kiasi gani. Mwalimu alisema hajui.

Asubuhi ya safari, Bibi alimsindikiza mpaka mlangoni. Alimrekebishia ukosi wa shati, akafunga kifungo cha juu, akarudi nyuma hatua moja kumtazama kama anavyoitazama nguo iliyokamilika. Kamusi alimwomba msamaha tena, kwa maneno madogo, yale anayoyajua kila mtu.

"Nimekusamehe tangu juzi," Bibi alisema. "Lililobaki ni kuumia, na hilo litaondoka kwa wakati wake, usilisukume. Wewe nenda kaseme vizuri huko. Una maneno mengi, Mungu amekupa. Ila kuanzia leo, ukimpa mtu neno, mpe na maana yake."

Kamusi alisema ndiyo, Bibi. Alitembea hadi shuleni, ambako basi lilikuwa tayari limewasha injini na wenzake wanaimba. Safari aliyoililia siku tatu nzima alikuwa ameipata, na hamu nayo hakuwa nayo tena. Alikaa dirishani, akafungua daftari kwenye ukurasa ule ulioandikwa kwa kalamu ya kukandamiza. Hakuichana karatasi. Chini ya sentensi yake ya kwanza aliandika nyingine, polepole, akilipima kila neno mara mbili: "Bibi yangu alidhani nimemsifu, nami nilimwacha adhani hivyo." Mwalimu wa Kiswahili, aliyekaa kiti cha nyuma yake, aliisoma juu ya bega lake. Safari hii hakutia alama yoyote. Aliweka mkono begani mwa Kamusi, akauacha hapo mpaka basi lilipotoka getini.